Nyumba Kumi na Tano za Nalangu

Bibi Nalangu Moloimet, mjenzi wa nyumba ya Kimaasai katika Banda la Utamaduni la viwanja vyetu vya maonyesho hapa Karatu, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 15 Julai 1988, baada ya utumishi wa miaka kumi na mitano. Mwaka wa kuzaliwa uliomo katika jalada lake ulikadiriwa na karani aliyemtazama usoni kwa muda mfupi. Huenda basi anastaafu mapema, huenda amechelewa. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Alianza kazi Julai 1973. Wakati huo aliishi chini Kreta, ndani ya bonde la volkano iliyozimika, akapanda hadi ukingoni kwa miguu, shoka mkononi. Kazi yake ilikuwa kujenga nyumba kamili kwa siku tano mbele ya wageni: kuchimbia fito za mti wa mleleshwa, kuzikunja ziwe paa, kufuma matawi, kisha kukandika kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu. Siku ya Saba Saba aliwasha moto ndani na kuchemsha chai. Aliyetaka kuingia alimwomba ruhusa, hata awe mgeni rasmi, kwa sababu kwetu Wamaasai nyumba ni ya mwanamke aliyeijenga.

Kinyesi alikipata kwa Antonia Qamara, mkulima wa Kiiraqw anayepakana na uwanja. Kila mwaka walitaniana. "Mama Nashilu, ng'ombe wangu wamekula mabua matupu," Antonia alimwambia mwaka mmoja. "Ukuta wako utanukia ugali." Nalangu akamjibu, "Vizuri. Nitapata wageni wenye njaa, nao nitawaleta kwako."

Machi 1974 tulihamishwa Kreta. Malori yalikuja asubuhi, na kabla ya jua kuwa kali tulikuwa tumeshapakiwa. Mwanamke wa Kimaasai anapohama hung'oa fito zilizo nzima, huzifunga juu ya punda na kwenda kujenga nazo kwingine. Siku hiyo hakuna aliyepewa nafasi ya kung'oa hata ufito mmoja. Nalangu aliiacha nyumba yake imesimama, chungu kikiwa jikoni. Ameniambia mara nyingi kwamba kilichomuuma zaidi hata kuliko kuondoka ni kuiacha imesimama, kama mtu aliyekimbia.

Julai ya mwaka huohuo alirudi kazini na kukuta kibao kipya: "Nyumba ya watu walioishi Kreta zamani za kale." Ilikuwa imepita miezi minne. Aliomba asomewe, akasomewa. Akachota kinyesi kwa kiganja na kuyakandika maneno matatu ya mwisho. Kibao kilipakwa rangi upya mwaka uliofuata, naye akakikandika upya, na waliendelea hivyo hadi fundi rangi alipochoka.

Mwaka 1982 aliugua malaria. Ofisi iliajiri vijana wanne wa Endabash, mafundi hodari wa nyumba za kwao, wakamaliza kazi kwa siku mbili. Akina mama wa Kimaasai waliokuja kuuza shanga walipowaona wanaume wanakandika kinyesi, walicheka mpaka wakaketi chini. Vijana hawakujua kwamba mlango wetu hupinda kabla ya kufika ndani, ili upepo usifike motoni. Walijenga mlango ulionyooka. Mgeni rasmi alitoka humo amejaa majivu hadi kwenye nyusi. Ndiyo maana maonyesho yamekuwa kumi na sita, na nyumba za Nalangu ni kumi na tano.

Mwaka huu kamati iliamua kwamba nyumba yake ya mwisho ibaki uwanjani daima: izungushiwe kamba, ijengewe paa la bati kwa juu, na ndani aketishwe mwanamke wa saruji mwenye shanga za rangi. Nalangu hakuitwa kwenye kikao. Alimkuta mwanamke huyo amelazwa stoo, akamtazama vidole. "Huyu atakandika kwa mikono hii?" aliuliza. Kisha akaenda kwa Katibu wa kamati na kumwambia kwamba nyumba ataing'oa kabla ya kuondoka.

"Haiwezekani, mama. Sasa ni mali ya umma."

"Huo umma ulikandika ukuta upi? Nionyeshe nikaushukuru."

Katibu alimweleza habari za kizazi kijacho. Nimekaa kwenye vikao vingi na kusoma taarifa nyingi, na bado sijaona taarifa inayosema kwa nini kizazi kijacho hakiwezi kufundishwa na mwanamke aliye hai. Nalangu aliomba mara tatu apewe wasichana wawili awafundishe. Barua hizo niliziandika mimi. Majibu hayakuja, ila saruji ilipatikana.

Jumatano asubuhi alipanda juu ya paa na kuanza kubandua. Katibu alikuja mbio, akasimama chini.

"Mama Nashilu, Jumamosi wageni nitawaonyesha nini?"

Nalangu alikuwa anang'oa ufito mrefu. Akamteremshia ncha yake. "Shika hapo, usiuvunje."

Katibu akashika. Hadi saa sita alikuwa bado anashika, shati lake la ofisini likiwa la kijani kwa kinyesi. Mchana fito zilipakiwa kwenye lori la Shaabani, mfanyabiashara wa hapa mjini, lililokuwa linapeleka mahindi Endulen, anakohamia Nalangu, na binti yake Nashilu alikwenda nazo.

Kadi za hafla ya kesho zinasema kwamba saa kumi jioni wageni wataitembelea nyumba. Zilichapwa mapema. Watakaopenda wataona duara la udongo mweusi na mashimo ya fito. Ofisi isiwaombe radhi kwa niaba ya Nalangu.

Bibi Nalangu, asante kwa miaka yote hiyo. Fika salama, ujenge, uwashe moto. Ishi humo kwa amani, na asije tena mtu wa kukuhamisha.

Olais
Mtunza stoo, Banda la Utamaduni