Mzee Tulia na Makorongo ya Jangwani

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa niaba ya familia nawashukuru kwa kuja kumsindikiza baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Tulia, kwa kuwa ndilo neno alilomwambia kila aliyeketi mbele ya kamera yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi reli na mshona nguo, akasoma hadi kidato cha nne, na mwaka 1968 akaajiriwa katika studio ya picha mkabala na posta, akianza kwa kufagia chumba cha giza cha kusafishia picha na kumalizia akiwa mwenye studio. Mwaka 1975 alimwoa mama yetu, aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akaikataa mara mbili, nao wakajaliwa watoto watatu.

Alipostaafu mwaka 2009 tulimnunulia kamera ya dijitali, akaibeza kuwa ni redio yenye jicho, mpaka alipoingia nayo kwenye makorongo ya jangwani, yale mapito ya mwamba mwekundu, membamba hata mtu hupita kiubavu, ambamo jua la adhuhuri hushuka mstari mmoja tu hadi mchangani. Tangu hapo hakushikika. Mama, kwa sababu ya maumivu ya magoti, alibaki garini, na baba alikuwa akitoka kila mara kumwonyesha picha kwenye kioo cha kamera, naye mama akiamua, hii weka, hii futa.

Mwaka 2016, baba akiwa ndani, mama aliona mvua nzito ikishuka juu ya milima ya mbali, akajua maji yatafuata korongo, akapiga honi bila kukoma, na baba akaiacha kamera kwenye stendi yake, akaparamia jabali, mafuriko ya matope yakapita chini ya viatu vyake. Alipoanza kuililia kamera, mama alimwambia, "Kamera zimejaa dukani, wewe ningekupata duka gani?" Baba akacheka hadi akakaa chini. Mwaka uliofuata walirudi, na kamera nyingine.

Mwaka 2023 alianza kuugua mapafu, akalazwa mwezi Mei, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Ameacha mjane, watoto na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliompeleka mama hospitali kila siku, wapiga picha wenzake waliobeba jeneza, na kipekee muuguzi wa wodi, aliyekubali kukigeuza kitanda kielekee dirishani, baada ya mgonjwa kulalamika kwamba upande ule mke wake hapati mwanga wa kutosha usoni.

Baba yetu, pumzika kwa amani.