Bwana Elpidius Mwesigwa, Aliyelipinga Andiko Lake Mwenyewe

Bwana Elpidius Mwesigwa anastaafu tarehe 31 Desemba 1957, baada ya kulitumikia baraza letu hapa Karagwe kwa miaka thelathini. Aliingia karani mdogo mwenye kaptula. Anatoka karani mkuu mwenye suruali ndefu na tumbo. Anayeandika haya ni tarishi wa baraza hilohilo, tena mjomba wake, ingawa mpwa amemzidi mjomba umri. Shikamoo anaitoa yeye mpwa, kila asubuhi, hata mbele ya wageni.

Alizaliwa Muleba, mtoto wa katekista, watu wa migomba na kahawa. Ng'ombe alimjua kwa mchuzi. Mjomba huyuhuyu, ambaye dume lake la kijijini Igurwa lilikuwa na pembe pana hata likaingia zizini kinyumenyume, alimwita mara nyingi aje kujifunza mifugo. Lakini karani hakosi kazi.

Mwaka 1951 Serikali ilimpeleka Uingereza, katika darasa la watu waliokwisha kupata digrii. Digrii hakuwa nayo. Walimhesabia miaka yake ya kazi. Masomo yenyewe alituelezea hivi: amri ya Serikali, kabla haijatoka, ipimwe nani atanufaika, nani ataumia, na ikiachwa itakuwaje. Mjomba akamwambia wazee huifanya kazi hiyo kila siku kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kupanda meli. Akakubali, ila akasema wazee hawaandiki tanbihi.

Andiko lake la kumaliza masomo lilihusu jambo moja: je, wafugaji wazuiwe kuchoma nyasi? Alirudi kufanya utafiti, akapita vijiji vya Nyakatuntu na tai yake, karatasi mkononi, akiuliza nani huwasha moto wa kiangazi. Kila mji wa mfugaji ulijibu kwamba hauujui, labda moto unatoka ng'ambo ya mto. Basi akaandika kwamba wenyeji hawachomi wala hawana haja ya kuchoma, na katazo halitamuumiza mtu. Walimu wake walilisifu. Baraza likapitisha katazo, lenye faini na kifungo.

Kiangazi cha 1954 nyasi kavu zilisimama hadi kifuani, na kupe wakajaa. Mwandishi wa haya aliona kupe mmoja mkubwa kama yai la kanga. Asiyeamini shauri lake. Ndama wakaanza kufa. Tumwine, mtoto wa mjane Kobugabe wa Nyakatuntu, akawasha moto kuwaokoa ndama wa mama yake, akakamatwa. Kesi ilikuwa isikilizwe Jumatatu, na la kumfunga ni katazo lililotokana na andiko la Bwana Elpidius.

Jumapili, baada ya misa, Bwana Elpidius alikwenda kwa Kobugabe bila tai wala karatasi. Alipewa maziwa, akanywa, ndipo akauliza kwa nini walimficha habari za moto. Yule mama hakumwonea haya:

"Mwanangu, ulikuja na kalamu ukauliza nani anawasha. Nikutajie mtoto wangu ili umwandike? Ungeuliza nyasi mbichi zinatoka wapi, ningekuonyesha jivu."

Kesho yake alisimama barazani, akasema andiko lake ni bovu: aliuliza swali la polisi akidhani ni la mwanafunzi. Mzee Anatory, ulimi wake mnaujua, akapaza sauti: "Huyu kavuka bahari kununua elimu, leo anairudisha dukani!" Baraza zima likacheka. Alikwisha onywa kwamba akisema hivyo asahau cheo cha katibu alichoahidiwa. Akasema hadi mwisho, na cheo akakikosa, kikaenda kwa mtu mwingine.

Tumwine aliachiwa jioni ileile. Katazo likabadilishwa: sasa kila kijiji huchoma mapema, nyasi zingali na unyevu, siku inayokubaliwa na majirani wote. Chuo nacho Bwana Elpidius alikiarifu kosa lake. Hawajamjibu. Huenda wanapima.

Wiki iliyopita Kobugabe na Tumwine walifika ofisini wakimswaga mtamba mwekundu. Wageni wafahamu kwamba mfugaji hampi karani ng'ombe. Humpa mtu anayetaka awe ndugu yake. Bwana Elpidius aliweka kalamu chini, yeye aliyeandika hotuba za watu wote humu ndani, akaipokea kamba kwa mikono miwili.

Wafanyakazi wote tunakushukuru, mpwa. Nenda salama Chonyonyo ulikojenga, uzeeke vizuri, na mtamba wako azae majike.