Alichokula Chuma Kijiweni

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda changu cha kunyoa, ubao mrefu juu ya matofali, na kila mtu ana pahala pake. Pembeni, chini ya kivuli cha bati, hukaa fundi saa tunayemwita Chuma, kwa sababu zamani alikuwa na nguvu za kutisha. Asubuhi hiyo hakuwepo. Jioni iliyotangulia moyo ulimshika tena, mara ya pili, akalazwa. Sisi tukabanana upande mmoja wa benchi, hakuna aliyetaka kukaa pale pake. Kwa kuwa kunyamaza kulitushinda, tukaanza kubishana.

— Mimi nasema ni mawazo, alisema Injinia, fundi baiskeli ambaye cheo hicho kajipa mwenyewe. — Chakula kinasingiziwa tu.

— Mawazo gani? Chuma hana mawazo hata ya kesho, alijibu Profesa, fundi cherehani wetu, msomaji wa kila kipande cha gazeti. — Tatizo ni kukatiwa mafuta ghafla na daktari. Tumbo umelizoesha miaka yote hiyo, halafu siku moja unaliletea mboga za kuchemsha. Moyo lazima ushtuke.

— Hapo umenena, alikubali Injinia. — Baiskeli isipopakwa grisi inakwama. Moyo nao una mnyororo wake.

— Moyo una mnyororo?

— Kwani unazungushwa na nini, maji?

— Mnahangaika bure, alisema Mzee wa Birika, anayetuuzia kahawa. — Mafuta yakikutana na kahawa ya moto yanayeyuka, yanapita zake. Ndiyo maana nilikuwa namtilia Chuma kijiko cha siagi kwenye kikombe.

Tukamgeukia wote.

— Siagi, mzee? niliuliza.

— Kidogo tu. Aliniambia nyumbani analishwa kama sungura. Nikamwonea huruma.

— Mara ngapi?

— Si kila akija.

Injinia akakuna shingo, akatazama viatu vyake.

— Basi na mimi niseme. Ngozi za kuku za kukaanga nilikuwa namfungia kwenye karatasi. Lakini daktari alikataza nyama ya mafuta, ngozi hakuitaja.

— Nani kakwambia hakuitaja?

— Chuma mwenyewe.

Profesa alivua miwani, akaifuta na shati, ingawa haikuwa na vumbi.

— Mimi mayai na soseji. Nilidhani ni mimi peke yangu. Aliniomba nisimwambie mtu.

— Hata mimi aliniomba hivyo hivyo, alisema Injinia.

Sasa macho yote yakawa kwangu. Ndani ya droo yangu, kati ya vitana na nyembe, kuna kichupa cha chumvi. Ni cha Chuma. Nilimtunzia ili mkewe asikione, na nilijiona mtu wa maana sana kwa kuaminiwa siri hiyo. Nikawaeleza.

— Lakini tukigawanya kwa watu wanne, alisema Profesa taratibu, — kila mmoja kampa kidogo.

— Tumbo ni moja, Profesa, alisema Mzee wa Birika.

— Au labda siagi ilitangulia ikatanda, alisema Injinia, — chumvi ikafika ikateleza, isiguse moyo.

Alisema huku sauti ikimwishia. Hata yeye hakujiamini.

Hapo ndipo mke wa Chuma alipotokea, kapu mkononi, macho mekundu. Alikuwa akitoka hospitali, na kijiweni kwetu huwa hafiki.

— Shikamoo, mzee. Habari zenu, shemeji zangu.

— Marahaba, mwanangu. Mgonjwa vipi?

— Yupo. Anaongea kidogo. Anawasalimu, anasema msimsahau.

Mzee wa Birika akageuza uso.

— Daktari kanisema mbele ya watu, aliendelea. — Anasema mishipa ya moyo inazidi kuziba, na presha haishuki, huyu mtu nyumbani analishwa mafuta na chumvi. Nikaapa. Mawifi zangu walikuwepo, wakaona ninadanganya. Wamesema akiruhusiwa atakwenda kwao, kwa sababu mimi nimeshindwa kumtunza kaka yao.

— Pole, shemeji, nilisema. Neno lenyewe lilinichukiza.

— Chumvi nimeitoa jikoni kabisa. Kuku nachuna ngozi, natupa. Siagi hainunuliwi. Watoto wanakula hicho hicho cha baba yao, asijione katengwa, na mdogo analia kila akiona sahani. Nyinyi mnashinda naye, mnamjua kuliko mimi. Niambieni, nipunguze nini tena?

Aliuliza kwa unyenyekevu, kama mtu anayeomba aelekezwe njia. Profesa aliitazama miwani yake mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye zaidi, na jibu nilikuwa nalo lote. Nikainamisha kichwa.

Alisubiri. Kisha akatuonea huruma sisi.

— Msihuzunike hivyo, alisema. — Naona hata nyinyi hamjui. Asanteni kwa kumpenda mume wangu.

Akalishika kapu lake vizuri, akaenda kuwaomba mawifi zake radhi.