Mwalimu Maimuna Rai na Somo la Utumwa wa Amerika

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, Mwalimu Maimuna Rai anastaafu. Amesomesha kwa miaka thelathini na minne, na ishirini na saba kati ya hiyo ameitumia hapa Shule ya Upili ya Mwakireti, akisomesha Historia na Fasihi ya Kiingereza. Mkuu wa shule ameniomba ukurasa mmoja tu wa jarida letu. Nitajitahidi.

Mwalimu alizaliwa kijiji cha Bodo, pwani ya kusini, binti wa mkata boriti za mikoko. Mimi nilimkuta hapa mwaka 2004, nikiwa mwalimu mpya wa Kiswahili, mtoto wa Wakamba waliohamia huku kulima. Siku ya kwanza niliingia chumba cha walimu, nikasema hamjambo kwa jumla, nikaketi. Mwalimu Maimuna alinishika mkono kwa upole, akanirudisha mlangoni, akanifundisha kuingia upya na kumwamkia kila mkubwa kwa shikamoo yake. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili alifunzwa Kiswahili na mwalimu wa Historia, na sijapata kusahau.

Wanafunzi walimpa jina la Mama Virginia, kwa sababu mada ya utumwa wa Amerika ilikuwa yake hasa. Kila mwaka, akifika kwenye mashamba ya miwa ya ng'ambo, aliwatoa Kidato cha Pili darasani na kuwapeleka kwa Mzee Ndambuki, jirani yetu mwenye miwa. Kila mmoja alipewa panga na mstari mmoja wa kukata kwa nusu saa. Walirudi viganja vimechubuka, shingo zinawasha. Ndipo alipowauliza ni nani angefanya kazi ile kuanzia alfajiri hadi magharibi, maisha yake yote, bila ujira na kwa hiari yake. Mzee Ndambuki alilifurahia sana somo hilo, ingawa kila mwaka alilalamika kwamba miwa yake imekatwa juu mno na mingine imeliwa.

Aliwaeleza kwamba hapo mwanzo, kule Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, vibarua maskini wa Kizungu na Waafrika walilima tumbaku bega kwa bega, na pengine walitoroka pamoja. Sheria ndizo zilizowatenganisha, moja baada ya nyingine, hadi ngozi nyeusi ikawa ndiyo hati ya utumwa.

"Msidhani watu walitiwa utumwani kwa sababu ya weusi wao," alizoea kusema. "Walitiwa utumwani kwanza, kisha weusi ukatafutiwa ubaya ili wenye mashamba wapate usingizi."

Katika Fasihi aliwasomea masimulizi ya watumwa waliotoroka na kuandika maisha yao wenyewe. Vitabu vingi vya aina hiyo vilitanguliwa na barua ya Mzungu fulani, akithibitisha kwamba Mwafrika huyu ameandika kweli kwa mkono wake. Ili wanafunzi waelewe uchungu huo, aliwaagiza kila mmoja amwandikie mwenzake cheti cha kuthibitisha kwamba insha yake hakuandikiwa. Mbula, aliyekuwa wa kwanza darasani kwa insha, alikichana cheti chake mbele ya watu. Mwalimu alimpa alama zote.

Lakini kama ningeulizwa ni siku gani iliyomfanya Mwalimu Maimuna kuwa mwalimu tunayemuaga leo, ningeitaja siku moja ya mwaka 2012.

Mwaka huo, kwenye foleni ya chakula, msichana aitwaye Hafsa aligombana na mwenzake Mapenzi, akamwita kizazi cha watumwa. Wote wawili walikuwa Kidato cha Pili, na wote wawili walikuwa wametoka kukata miwa ya Mzee Ndambuki wiki iliyotangulia. Mapenzi alichukua mkoba wake, akaenda zake nyumbani, na kesho yake hakurudi. Utawala ulitaka Hafsa afukuzwe kwa wiki mbili. Mwalimu aliomba yeye mwenyewe apewe siku tatu kwanza.

Mimi na Mwalimu tulikwenda kwa kina Mapenzi. Mama yake alitukaribisha vizuri, akatutandikia mkeka, kisha akasema, "Mwalimu, jina hilo halikuanza shuleni. Mimi liliwahi kunivunjia posa. Mtoto wangu hana haja ya kulisoma na kwenye vitabu."

Tuliaga, tukarudi.

Asubuhi ya pili niliketi nyuma ya darasa lake. Aliandika ubaoni ile sheria ya Virginia ya karne ya kumi na saba, kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, naye ni mtumwa, hata baba akiwa bwana mwenyewe. Mwanafunzi mmoja, Feisal, akanyanyua mkono.

"Mwalimu, hata sisi Wadigo zamani mtoto alifuata ukoo wa mama. Basi tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni kwamba huku tumbo la mama lilikupa mjomba na shamba," alisema Mwalimu. "Kule lilikupa bwana."

Kisha akaiweka chaki mezani. "Lakini niulizeni na hili. Yule mwanamke aliyeletwa huku kutoka mbali, asiye na ukoo, mtoto wake alipata mjomba gani?"

Akawaambia kwamba mama wa bibi yake aliletwa Bodo akiwa mtoto, kutoka bara, upande wa kusini, akalelewa katika nyumba ya watu waliomnunua. Jamaa zake wote walijua, na hakuna aliyesema. Kule Amerika mtumwa alitambulikana kwa rangi, alisema, na huku, ambako rangi haikutosha kumtenga mtu, kazi hiyo ilifanywa na minong'ono ya ukoo.

"Miaka ishirini na mmoja nimesomesha utumwa wa Amerika," alisema. "Niliusomesha vizuri kwa sababu ulikuwa mbali."

Jioni ile Hafsa na mama yake walikwenda wenyewe kwa kina Mapenzi kuomba radhi. Jumatatu Mapenzi alirudi darasani. Hawakuwa marafiki, wala Mwalimu hakulidai hilo. Walisalimiana, wakasoma, wakafaulu. Mapenzi leo ni mpima ardhi, na ofisi yake iko Matuga.

Mwalimu naye alilipa gharama yake. Habari ilifika Bodo kabla yake, na kaka yake Swabir alikaa karibu miaka miwili bila kusema naye. Siku moja alikuja na kapu la kaa, akaketi ukumbini kwa dada yake. "Ulisema kweli," alimwambia, "lakini kweli hiyo ni yetu sote. Ungetwambia kwanza." Mwalimu alikubali kwamba alikosa, akamwomba radhi, wakala kaa. Kisa hiki amekihadithia mwenyewe mara nyingi, na kila mara sehemu ya kosa lake huisema kwa sauti ile ile.

Sasa anarudi Bodo, na hana nia ya kupumzika. Wazee waliokuwa wakimkwepa wameanza kumwendea wenyewe, naye anaandika majina ya wanawake walioletwa. Mpaka wiki hii anayo kumi na moja. Mama wa bibi yake aliitwa Faida, jina alilopewa na waliomnunua. Jina alilopewa na mama yake mzazi hakuna anayelijua mpaka leo, na Mwalimu anasema ataendelea kuuliza.

Mwalimu Maimuna, kwa niaba ya walimu wenzako, wafanyakazi na vidato vyote vilivyochubuka viganja, tunakushukuru. Mola akupe afya, akuzidishie umri, na akukutanishe na mtu mmoja huko, aliye hai bado, anayelikumbuka jina hilo.

Mumbe Nzau
Idara ya Lugha