Mkono wa Kuukata Mti wa Miiba

Sogezeni viti, wanangu, nawe Dympna izime hiyo redio, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana na mtangazaji. Daktari amesema nipumzike, na daktari huyo huyo amesema sitaliona juma lijalo, kwa hiyo sijui anataka nipumzike ili nikafanye nini. Padri ameshakuja na ameshakwenda zake. Mambo yangu na Mungu yako sawa. Yaliyobaki ni yangu na ninyi, na hasa yangu na wewe, Colman, kwa hiyo acha kutazama dirishani unisikilize.

Nyumba hii namwachia Dympna, aliyeacha kazi yake mjini Cork akaja kuniogesha na kunilisha uji kwa kijiko bila kununa hata siku moja. Wewe Colman una nyumba yako pale barabarani, na ng'ombe wote ni wako tangu baba yenu Donncha alipofariki, hilo halina mjadala. Picha zangu zote ni za Dympna, auze atakazo, isipokuwa moja, nitaifikia. Limebaki Shamba la Juu, na hapo ndipo penye kazi.

Hakuna mtu hapa kijijini Kilbrackan asiyejua kwamba unataka kujenga banda la ng'ombe pale ulipo mti wa miiba. Sikulaumu. Ndipo pahali pekee pakavu, kwingine kote ng'ombe wanazama matopeni hadi magoti wakati wa baridi, na mtu mwenye mifugo lazima afikirie mifugo. Lakini mti ule ni wa Wenyewe, wale wasioonekana wa chini ya kilima, wanaomlipiza mwenye kuukata, ambao bibi yenu alikuwa akiwamwagia tone la kwanza la maziwa kila alipokamua. Hatuwataji kwa jina katika nyumba hii na sitaanza leo. Baba yenu alikuwa mtu wa kucheka kila kitu, padri na serikali na mimi pia, lakini alipofika kwenye mti ule na mashine ya kukata majani aliuzunguka kwa mbali, na majani ya pale chini yalibaki marefu mpaka yakajilalia yenyewe. Mkiniuliza kama mimi naamini, sijui. Nimeishi miaka yote hii bila mtu kunilazimisha kujibu, na sasa nimechelewa.

Mimi nimechora maisha yangu yote, farasi, vilima, na mapadri waliotaka waonekane wembamba. Nilipoambiwa ugonjwa huu hauna dawa, nikasema basi, sasa nachora yale tuliyokulia nayo jikoni. Nikamchora yule sungura wa alfajiri ya Mei mosi, mchawi aliyejigeuza, anayenyonya ng'ombe wa jirani, na mayai yanayofichwa ndani ya majani makavu ya mtu unayemchukia ili bahati yake ioze pamoja nayo, na kioo chetu kilichofunikwa shuka siku ya msiba wa baba yenu. Ya mwisho nikachora Shamba la Juu bila mti. Nikakuwekea banda lako, Colman, lenye mabati mapya, na ng'ombe wako wamenona. Sikuweka kitu cha kutisha. Nilikuchorea unachokitaka, basi.

Jumamosi ile ya ufunguzi wa maonyesho ya picha zangu, mlinisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukumbini, mvua inanyesha, nikawakuta watu wote wamesimama nje. Mlango uko wazi, taa zinawaka, divai iko mezani, na hakuna aliyeingia. Jirani yetu Mossie Talty akanishika mkono akasema, "Gobnait, mama, nakuheshimu, na koti hili nimelipiga pasi kwa ajili yako, lakini maua yale yakiwa humo ndani, mimi nabaki huku huku na mvua yangu." Mkewe Nonie akadakia, "Huyu binti wa watu ana wazimu? Anataka kutuzika kabla ya chai?"

Kumbe Orlaith, yule binti wa Dublin aliyetusimamia maonyesho, alikuwa amekata matawi ya mti wa miiba kama ule wetu huko barabarani, yamechanua meupe pepepe, akayajaza kwenye mitungi, mlangoni na mezani. Maskini, alidhani anatupendezesha. Hakuna mama aliyewahi kumchapa kofi kwa kuingiza maua yale ya kuita kifo ndani ya nyumba, na ndiyo maana mlangoni aliandika "Picha za Imani za Kale", nami nikamwambia alifute hilo neno "kale". Akawatazama watu wamelowa akasema, "Jamani, si maua tu?" Basi akamgeukia mwanamume aliyekuwa karibu naye, ambaye ni wewe, akasema, "Kaka, nisaidie basi kuyatoa."

Nawe ukaingiza mikono yako yote miwili mfukoni. Ukamwambia, "Dada, leo mgongo unanisumbua."

Colman, asubuhi ile ile ulikuwa umembeba ndama mabegani kutoka mtoni. Nilikuona.

Orlaith akayatoa peke yake, mtungi kwa mtungi, petali zimemjaa nyweleni, na watu wakampisha kwa heshima kama wanaopisha jeneza. Ndipo wakaingia, wakanywa, wakasifu sungura, wakabishana mayai yale niliyachora ya nani. Mbele ya picha ya banda lako hakusimama mtu. Wewe mwenyewe uliipita ukiangalia viatu vyako. Nilicheka moyoni, kisha nikaona uchungu, maana nilijua sasa kwamba unaogopa kama sisi wengine, na kwamba hungekubali kusema hivyo hata ungechomwa moto.

Usinikatize. Pumzi ni chache.

Jumatatu Dympna akaniambia habari za Darius, uliyemkodi aje aukate mti. Kwanza ulimwomba Batt Sugrue, akasema katapila lake linavuja mafuta. Ukamwomba binamu yake, akasema ana harusi, na alipoulizwa harusi ya nani hakukumbuka. Ukapiga simu mbali kabisa huko mashariki mpaka ukampata huyu Mlithuania, baba wa watoto wadogo, anayekuja Alhamisi na hajui mti huo ni nini. Kama ni mti tu, kwa nini hukumwambia? Unaogopa kubeba mtungi wa maua, halafu unataka mtoto wa mwenzio akubebee mti mzima na lolote litakalofuata. Hilo limeniuma kuliko ugonjwa. Nakupenda, mwanangu, na nimekukasirikia, na sitaki kuondoka na moja tu kati ya hayo bila kukuambia.

Sasa sikieni. Shamba la Juu nampa Colman. Usishtuke, Dympna. Najua ulitegemea nikupe wewe ili uulinde mti, lakini ningefanya hivyo mngemzika mama na undugu wenu siku moja. Na picha ya banda ni yake pia, aitundike au aichome, shauri yake.

Sikuombi usiukate, Colman. Hapana, funga mdomo, usiniahidi kitu. Ahadi ya kitandani ingekufunga miguu miaka yote, na ungeuchukia mti na kunichukia mimi pamoja nao. Nakuamuru jambo moja tu. Mpigie Darius leo, kabla chai haijachemka, umwambie asije. Mkono wa kuukata mti ule uwe wako na si wa mtu mwingine, si wa mgeni, si wa mwanao ukija kupata mwana. Ukiweza, jenga banda lako, na Mungu akuongezee ng'ombe. Usipoweza, sema huwezi, na asikucheke mtu.

Nipe maji kidogo... basi, yanatosha.

Nikikata roho mfungue dirisha lile, nipate njia, kisha mlifunge baada ya muda nisirudi kuwasumbua. Kioo mnajua. Mossie abebe jeneza upande wa mbele, ni mfupi, lakini atanuna akiwekwa nyuma. Mungu awalinde nyote wawili, awape kula meza moja... hata mkigombana, gombaneni mezani. Dympna, mwanangu... umenitunza vizuri.

Colman. Sogea. Msumeno wa baba yako... uko nyuma ya mlango wa ghala. Nilimpa Batt aunoe, nikamwambia ni wa kuni. Ni mkali sasa... unakata. Usije ukasema mama yako alikunyima cha kukatia.