Fundi Aliyelala Nyuma ya Pikapu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Punguzeni moto wa jiko, wekeni vikombe chini, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi. Si fundi cherehani, si fundi seremala. Ni fundi wa gia boksi za otomatiki. Alifariki Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake, kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Teke.

Niwe mkweli tangu mwanzo. Kuna neno nilipaswa kumwambia Teke alipokuwa hai. Sikulisema. Nilikuwa na miaka saba ya kulisema, nilikutana naye mara nyingi tu, na sikulisema. Kabla kipindi hiki hakijaisha nitalisema, na mke wake atalisikia. Shemeji, najua redio yako iko juu ya friji. Tafadhali usiizime.

Sasa, kwa nini aliitwa Teke? Gari la otomatiki hubadili gia lenyewe. Likiwa zima, huwezi hata kujua limebadili saa ngapi. Likiugua, linastuka. Pikapu hasa ndizo zenye tabia hiyo. Unakanyaga mafuta, inasita, inawaza, halafu inakurusha mbele kama imekumbuka imeacha pasi kwenye umeme. Mafundi wengine walikuwa wanawaambia watu wakanunue gia boksi nyingine. Teke alikuwa anaifungua. Karakana yake ilikuwa nyuma ya wachomeleaji, paa la bati, sakafu ya saruji aliyokuwa akiisugua kwa vumbi la mbao. Meza yake ilikuwa na kitambaa cheupe, na kila springi ililala kwenye kisahani chake. Ukipiga chafya karibu na meza ile, umejitafutia matusi.

Lakini kuponya magari hakukuwa mapenzi yake hasa. Mapenzi yake yalikuwa nguvu. Alikuwa anaunganisha kompyuta yake na ubongo wa gari, anapandisha presha ya mafuta ya gia, anafupisha muda wa kubadili. Gari likiingia gia ya pili, paa! Mgongo unabanwa kwenye kiti, na dereva anacheka mwenyewe. Watu wakawa wanakuja na pikapu zao: "Fundi, na mimi nitilie teke." Jina likamganda. Hata mama yake mzazi akawa analitumia, kwa shingo upande.

Miaka tisa iliyopita, pikapu ya zahanati yetu ikaanza kuumwa. Mnaikumbuka. Ile nyeupe, yenye turubai na godoro nyuma. Ndiyo iliyokuwa inabeba wagonjwa kwenda hospitali kubwa, mwendo wa saa nzima, na njiani kuna matuta kumi na manne. Gia zilikuwa zinateleza, zinachelewa, halafu zinagonga. Teke akajitolea kuitengeneza bure. Akasafisha vali, akabadili mafuta yaliyokuwa meusi kama kahawa. Kisha akafanya alichokiona ni wema wa ziada. Akaitilia teke. Alimwambia dereva wa zahanati, "Kuanzia leo wagonjwa wako watawahi."

Dereva yule ni mtu mpole. Nilipompigia juzi aliniambia, "Mimi nilifurahi. Gari lilikuwa linachomoka kama jipya. Nyuma nilisikia watu wanalia, lakini mgonjwa kulia si jambo la ajabu."

Miezi mitano ikapita hivyo. Miezi mitano, wasikilizaji. Halafu mama yake Teke akateleza bafuni, akavunjika mfupa wa nyonga.

Pikapu ya zahanati ikaja. Wakamlaza mama kwenye godoro. Teke akapanda nyuma, akakipakata kichwa cha mama yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda nyuma ya gari lile. Likaondoka. Gia ya kwanza. Gia ya pili, paa! Mama akapiga ukelele. Tuta, gari likapunguza mwendo, likaanza upya. Ya kwanza. Ya pili, paa! Ukelele. Matuta kumi na manne, wasikilizaji wapendwa, na kila tuta lilikuwa linaanzisha hesabu upya. Teke akawa anagonga kioo, anamwambia dereva aende polepole. Haikusaidia. Presha aliyoipandisha kwa mkono wake haikuwa inajali mguu wa dereva.

Kwenye tuta la tisa au la kumi, mama akafumbua macho. Akauliza, "Nani kalitengeneza gari hili?"

Teke akajibu, "Mimi, mama."

Mama akamwangalia. Akasema, "Basi ulikuwa umekaa."

Naomba nirudie, kwa sababu maisha yote ya Teke yaligeuka hapo. Alimwambia, basi ulikuwa umekaa. Na kweli alikuwa amekaa. Aliyekaa mbele, teke linamsukuma kwenye kiti, anajiona mwanamume. Aliyelala nyuma, teke lile lile linampitia kwenye mifupa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mama alitibiwa, akapona. Asubuhi ya tatu baada ya safari ile, Teke aliiomba zahanati pikapu kwa siku mbili. Mkewe ananisimulia, na hapa namnukuu: "Tangu tuoane hajawahi kuniachia usukani. Hata nikimkosea kidogo, anakumbushia nilivyogonga pipa la maji mwaka ule. Siku hiyo kanirushia funguo. Kapanda nyuma, kalala chali kwenye godoro la wagonjwa. Ananiambia, endesha, gia ikiniuma nitagonga bodi. Nimezunguka uwanja wa mpira mpaka nimeshikwa na kizunguzungu. Anagonga, nasimama, anashuka na kompyuta yake, anapunguza, anapanda tena analala."

Kuna jambo hapa mafundi wanalijua, sisi wengine hatulijui. Ukifuta kumbukumbu ya gia boksi za siku hizi, inajifunza upya. Inajifunza mguu wa mtu anayeiendesha siku za mwanzo. Teke aliifuta yote, kisha akakataa kuifundisha yeye. Alisema mguu wake una kiburi. Mkewe ndiye aliyeendesha siku ile na siku iliyofuata, taratibu, kwa mguu wake mwepesi. Baadaye Teke alikuwa akisema gari la zahanati lina adabu za mke wangu, langu halina hata moja.

Mngedhani yameisha. Hayakuisha. Teke alikwenda zahanati akauliza ni wagonjwa wangapi walibebwa katika ile miezi mitano. Akaambiwa thelathini na mmoja. Akaomba majina yao, awafuate nyumba kwa nyumba. Muuguzi akamkatalia. Majina ya wagonjwa hayatolewi, na muuguzi alikuwa na haki.

Basi akaja hapa. Studio hii hii. Ilikuwa Jumanne asubuhi, kipindi cha simu zenu. Nilimwona mlangoni na ovaroli lake la bluu, nikajua amekuja kutangaza karakana. Nikamkaribisha. Akakaa, akaivuta maikrofoni kwa mikono miwili, akasema:

"Wote mliobebwa na gari la zahanati katika miezi mitano iliyopita. Gari lile lilikuwa linawapiga. Dereva hana kosa. Barabara haina kosa. Ni mimi niliyelitengeneza vile. Nilikuwa nimekaa, sikujua. Naomba mnisamehe."

Mimi nilicheka, wasikilizaji wapendwa. Sitaficha. Nilicheka hewani, mkanisikia. Nikamwambia, "Fundi, watu wanaomba radhi kwa kuiba wake za watu, wewe unaomba radhi kwa gia?" Fundi wa mitambo naye akacheka nyuma ya kioo. Teke hakucheka. Alisubiri nimalize, kama anavyosubiri injini ipoe.

Simu zikaanza. Mama mmoja alisema, "Kumbe ni wewe! Mimi nilikuwa na uchungu wa kujifungua, nimemlaani dereva wa watu bure mpaka ukoo wake. Mtoto mzima, mimi mzima, yameisha baba." Mzee mmoja aliyekuwa amevunjika mguu akasema, "Sijakusamehe bado. Nipigie wiki ijayo." Watu wakadhani ni utani. Teke alimpigia wiki iliyofuata. Akaambiwa ampigie tena. Alimpigia wiki nne, na wiki ya tano mzee alimwalika kwake, wakawa marafiki wa kucheza bao mpaka mzee yule alipofariki.

Mateke hakuyaacha kabisa, msije mkadhani alikuwa malaika. Pikapu yake mwenyewe, ile nyeusi, ilibaki na teke lake. Jumapili alikuwa anaitoa kwenye barabara ile isiyo na nyumba, peke yake, anaifungulia. Alikuwa akisema, "Teke langu nalila mwenyewe." Na kila aliyetaka nguvu kwenye pikapu alihudumiwa, kwa sharti moja. Kabla ya kukabidhiwa funguo, alale nyuma, chali, mzunguko mmoja wa uwanja. Mwanasheria mmoja alilala na suti yake na tai. Aliposhuka alisema, "Punguza, fundi. Mama mkwe wangu hupanda humu."

Sasa nifike kwenye neno langu.

Miaka miwili baada ya Jumanne ile, baba yangu aliugua. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Ilifika mahali shuka likivutwa tu, analia. Baba yangu, mtu aliyewahi kung'olewa jino huku akisimulia kisa. Siku ya kumpeleka hospitali kubwa, ikaja pikapu ya zahanati. Mimi nilipanda nyuma. Nilikuwa nimeyakaza meno, kwa sababu nilikuwa nakumbuka hadithi ya Teke, yale matuta kumi na manne na vile vilio.

Gari likaondoka. Ya kwanza. Nikasubiri. Sikusikia kitu. Nikaangalia nje kwa upenyo wa turubai, nikaona miti inapita kasi. Lilikuwa limeshaingia ya tatu. Tuta la kwanza, likashuka, likapanda kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. Tuta la pili. La tatu. Nilipomwangalia baba, alikuwa amefumba macho. Nikashtuka, nikaweka mkono puani kwake. Alikuwa anapumua. Alikuwa anakoroma, jamani! Siku sita alikuwa hajapata usingizi, na nyuma ya pikapu ile alilala, mkono wake ndani ya mkono wangu, njia nzima.

Baba alifariki siku nne baadaye. Maumivu yalirudi, na sitawasimulia siku zile nne. Lakini ile saa moja ninayo. Kila nikimkumbuka, naanzia pale.

Nilikutana na Teke kwa kinyozi. Nilikutana naye dukani. Tulipanga foleni moja ya gesi. Kila mara nilimwambia, "Mambo ya gia vipi?" Naye alijibu, "Zinaingia." Tunacheka, tunaachana. Nilikuwa naona aibu. Mtu niliyemcheka mbele ya mji mzima ndiye aliyempa baba yangu usingizi. Nikawa nasubiri siku nitakayopata maneno mazuri ya kumwambia.

Teke, asante. Baba alilala.

Ni hayo tu. Kumbe yalikuwa maneno machache hivyo.

Shemeji, na mguu wako pia ulikuwamo safari ile. Asante. Kwako wewe, kwa watoto wenu watatu, na kwa dereva wa zahanati aliyempoteza rafiki, studio nzima inawapa pole. Pole nyingi kwa mama yake, ambaye yu hai, ana miaka themanini na minne, na anatembea kwa fimbo. Jana nilikwenda kumpa mkono wa pole. Aliniambia, "Nilimwambia mara moja tu, na mwanangu alinisikia." Mungu amlaze Teke pema.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo huwa tunakaa kimya dakika moja kumheshimu marehemu. Leo dakika hiyo nawapa ninyi, na naomba msikae kimya. Yuko mtu aliyekufanyia kazi yake vizuri, ukapona, au ukafika, au ukalala, na hukumwambia kitu. Inawezekana ni muuguzi. Inawezekana ni fundi bomba, au mwalimu wa darasa la pili. Mimi nimechelewa, nimemwambia mtu asiyesikia. Wako bado yupo. Usipange maneno, mimi niliyapanga miaka saba. Nazima maikrofoni yangu sasa. Mpigie.