Kikopo Ndani ya Kitenge

Siku hiyo mjinga hakuwa mwingine ila Bulaimu, mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila. Kwenye pikipiki ya kwenda Kabambare alikaa katikati, na nyuma yake Mama Pascaline amekumbatia kikopo ndani ya kitenge. Moyo ukamruka. Huko kwao kitu kidogo kikishikwa hivyo ni dhahabu tu.

Akageuza shingo. "Mama, hiyo imetoka mu shimo gani?"

"Ya bwana yangu."

"Niuzie! Nitakupa bei kuliko wa mujini."

"Papa, hii ni choo. Bwana yangu amelazwa, tumbo inamuua. Wa labo, wenye kupima magonjwa, wanaingoja ingali mbichi."

Dereva alicheka hata pikipiki ikayumba. Bulaimu akageuka daktari. "Aa, ni minyoo tu! Sisi wote wa machimbo tuko nayo. Umupe dawa ya soko, basi."

"Alikunywa ya soko, ndiyo ikamulaza."

"Umupe ingine!"

Pikipiki ikasimama mbele ya labo. Mama Pascaline akashuka na kikopo chake. "Papa, dahabu unaipimaka kwanza, ndipo unatoa pesa. Sasa tumbo ya bwana yangu, niinunulie dawa bila kuipima?"